Sikukuuliza Kama Umekula

Bwana apewe sifa, ndugu zangu. Naona walioitika ni wa mbele tu. Na nyie wa kule nyuma mnaoegemea ukuta, Bwana apewe sifa kwenu pia. Haya, sasa tuko pamoja.

Mchungaji amenipa dakika chache, na nimemwambia ajiandae, maana mimi ni mwalimu wa chekechea, dakika chache huwa zinaishia kuwaweka watoto sawa kwenye mkeka. Najua pia mnasikia harufu inayotoka nyuma ya kanisa. Ni mume wangu, Baba Upendo, na masufuria yake. Tulieni, huko tutafika. Leo ni Jumapili ya mavuno, kila mtu ameleta alichojaliwa shambani, na mimi nimeleta mchele na huu ushuhuda. Mchele mmeuona. Ushuhuda nimeukalia miaka kadhaa, kwa sababu kusema ukweli ulikuwa unanitia aibu.

Ndugu zangu, kabla ya korona sisi hatukuwa matajiri. Hatukuwa maskini pia. Tulikuwa wale wa katikati, wenye mshahara wa mwezi na nyumba yenye vigae. Mume wangu alikuwa mpishi kwenye hoteli moja ya watalii, kule mbugani. Akija likizo alikuwa anatupikia vitu ambavyo hata majina siyajui, na binti yetu Upendo alikuwa anavaa ile kofia yake ndefu nyeupe na kuzunguka nayo mtaani. Mimi nilikuwa nafundisha shule ya binafsi hapa hapa Ifakara. Tulikuwa na friji, televisheni, pikipiki. Na tulikuwa na geti. Geti la chuma, la rangi ya kijani, linalofungwa kwa ndani. Watu walikuwa wanaelekeza njia kwa geti letu: ukifika geti la kijani, pinda kulia.

Mchele tulikuwa tunanunua dukani. Jamani, mtu amezaliwa bonde hili ambalo hata kuku wanakula mpunga, halafu ananunua mchele dukani. Shamba aliloniachia marehemu baba yangu, kule ng'ambo ya mto ukishavuka Kivukoni, lilikuwa limeota matete. Mtu akiniuliza kwa nini silimi, nilikuwa najibu kwamba nina kazi. Na kweli nilikuwa nayo.

Basi korona ikaja. Sitaki kuisimulia sana, humu ndani wapo waliozika watu wao, na Mungu aendelee kuwafariji. Kwetu haikuingia kwa kikohozi. Iliingia kwa simu. Watalii wameacha kuja, ndege hazitui, hoteli inafungwa, kila mtu arudi kwao mpaka aitwe. Mume wangu akarudi na begi moja na ile kofia. Wiki haikuisha, shule nazo zikafungwa. Mwenye shule alituita akatuambia kwa upole kabisa kwamba wazazi wasipolipa na yeye hana cha kutulipa, twende nyumbani tukasubiri. Sikumlaumu. Angetoa wapi?

Tukasubiri. Kwanza tukauza televisheni. Baadaye friji, kwa sababu vya kuweka humo havikuwepo. Pikipiki ikafuata. Vyote vilitoka jioni jioni, vimefunikwa shuka, na nyuma yake geti likafungwa. Mtaa mzima ulijua mwalimu na mpishi wako nyumbani wanapumzika.

Mtaniuliza, hamkuwa na ndugu? Tulikuwa nao. Mama mkwe wangu yuko Mlimba, analima mpunga mpaka leo na ana nguvu kunishinda. Lakini mume wangu ndiye aliyekuwa anamtumia matumizi kila mwezi. Yeye ndiye mtoto aliyetoka kimaisha. Sasa anayetuma ataanzaje kuomba? Mama yake alipopiga simu kuuliza hali, mume wangu alijibu, "Hatujambo mama, tunakula na kusaza." Akakata simu akabaki ameishika tu mkononi.

Na hapo ndipo ugonjwa wetu ulipoanza, ndugu zangu. Ugonjwa wenyewe ni neno moja: nimeshakula.

Mnalijua hilo neno. Ukipita mahali watu wanakula watasema karibu, nawe utasema asante, nimeshakula. Ni adabu yetu, tumefundishwa tangu utotoni usiwe mtu wa kudokoa dokoa. Sisi tuliligeuza likawa maisha. Mume wangu akirudi kutoka kutafuta vibarua nikimtengea, anasema, "Kula na watoto, mimi nimeshakula mjini." Na mimi nasema, "Kula wewe, mimi nimeonja onja jikoni nimeshiba." Sahani inasukumwa huku, inasukumwa kule, mwisho anakula Upendo. Yeye alinidanganya na mimi nikamdanganya, na kila mmoja alifikiri anamwokoa mwenzake.

Wakati huo nilikuwa nanyonyesha. Mtoto wetu wa pili, Baraka, alikuwa bado hajaanza kukaa. Mnajua mama anayenyonyesha ni mlafi, na si kosa lake. Mimi nilikuwa nakunywa maji ya moto na chumvi. Maziwa yakaanza kupungua. Mtoto ananyonya, anaachia, ananitazama, analia. Baadaye akawa halii kwa nguvu, na hapo ndipo niliogopa. Mtoto akilia sana mshukuru Mungu. Ogopa anaponyamaza.

Nikampeleka kliniki. Nesi akampima, akamtazama, akanitazama. "Mama, uzito unashuka. Wewe unakula?"

"Nakula vizuri."

"Unakula nini?"

Ndugu zangu, nilimtajia yule dada mlo wa hotelini. Nikamwambia samaki, maharage, mboga za majani, matunda. Nilikuwa nimevaa gauni langu la kazini na nywele nimesuka, angejuaje? Akaniambia, "Basi ongeza, kula zaidi ya hapo. Dawa ya huyu mtoto ni wewe kula. Hali ikiendelea hivi tutamlaza." Nikasema asante. Nikatembea kurudi nyumbani, nikafungua geti, nikalifunga, nikakaa chini kwenye vigae vyangu nikalia.

Niliomba sana siku zile. Niliomba Mungu afungue hoteli. Nilimpangia kabisa: fungua hoteli, rudisha watalii, mume wangu aitwe, mtoto apone. Nilikuwa namwelekeza Mungu kama ninavyowaelekeza watoto wa chekechea, kwanza hiki, halafu kile. Mungu alinyamaza, au mimi nilidhani amenyamaza.

Siku moja geti likagongwa. Walikuwa akina mama wa kanisa hili. Katibu wetu yule pale, ameshaanza kuinama. Inua uso mama, hukukosa kitu. Walikuwa wanapita nyumba zenye nafasi kukusanya chakula cha kuwasaidia wenye shida mtaani. Katibu akaniambia, "Mwalimu, tumesema hapa kwako hatuwezi kukosa."

Ningesema nini? Ndani nilikuwa na vitu viwili. Nilikuwa na chenga, yale makombo ya mchele yanayobaki mashineni ambayo watu wananunulia kuku, ndiyo tuliyokuwa tunapika. Na nilikuwa na mchele mzuri kidogo, mchele wetu wa Kilombero wenyewe, kwenye ndoo ndogo nyeupe ambayo mume wangu aliileta zamani kutoka hotelini. Upendo alikuwa ameichora ua kwa rangi ya kucha. Ule mchele nilikuwa nauweka kwa ajili ya uji wa mtoto, siku hali ikiwa mbaya kabisa.

Ningetoa chenga, wangejua. Mwenye geti la kijani atoe chakula cha kuku? Nikaingia ndani, nikachukua ile ndoo nyeupe, nikawapa na ndoo yake na tabasamu juu. Wakaniombea pale pale kizingitini. Wakaomba Mungu azidi kuijaza ghala yangu. Nikaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Cheka tu, kaka, nakuona. Mimi siku hiyo sikucheka.

Kesho yake nikambeba Baraka mgongoni, nikamwambia mume wangu nakwenda kumsalimia mwalimu mwenzangu. Uongo. Nilikuwa nakwenda kuchuma mlenda pori, mbali, nje ya mji, kule njia inapoelekea mashambani, mahali ambapo hakuna anayenijua. Mlenda wa karibu na nyumbani ungenifedhehesha. Jua lilikuwa limewaka, na kichwa kilikuwa chepesi. Nilikuwa natembea huku nikipapasa mguu wa mtoto mgongoni nihakikishe anautikisa.

Nikapita kwenye kibanda kimoja cha udongo. Nje palikuwa na bibi amekaa kwenye kigoda, sufuria iko mafigani, anapakua. Sikuwa namjua. Sasa namjua, anaitwa Bibi Anyesi, ni Mpogoro, mjane, mnusa ugoro, na mdomo wake hauna breki. Nikasalimia kama nilivyolelewa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Karibu."

Nikajibu bila kufikiri. "Asante bibi, nimeshakula."

Akaendelea kupakua. Hata hakuniangalia. Akasema, "Sikukuuliza kama umekula. Nimesema karibu."

Ndugu zangu, nilisimama pale njiani kama mtu aliyeitwa kwa jina. Kwa miezi ile yote nilikuwa najibu swali ambalo hakuna aliyeniuliza. Miguu ikanigeuza yenyewe. Nikakaa kwenye jamvi lake, nikamshusha mtoto, na bibi akasogeza sahani katikati. Wali na matembele. Akanawa, nikanawa.

Nilikula. Sitawaelezea nilivyokula, nina heshima zangu. Bibi alikuwa anaongea peke yake, "Watu wa kanisa wameniletea jana. Huyu aliyetoa mchele huu si mchoyo, hauna hata chenga moja." Nikainua macho. Pale pembeni ya figa kulikuwa na ndoo nyeupe yenye ua la rangi ya kucha.

Machozi yakaanza, nayo yalitoka mengi. Bibi akasema, "Una nini wewe, pilipili sikutia." Nikamwambia yote. Nilimwambia mwanamke nisiyemjua mambo ambayo sikumwambia mume wangu: geti, sahani inayosukumwa, nesi, ndoo. Alisikiliza huku ananusa ugoro wake. Nilipomaliza akapiga chafya, akasema, "Basi unakula chako. Kula."

Halafu akamchukua Baraka, akamtazama kwa muda, akambonyeza shavu. Akasema huyu mtoto haumwi, ana njaa ya mama yake. Na akaniambia kwamba kesho yeye anahamia shamba kuamia mpunga, yaani kuulinda na ndege, kwenye shamba la Wasukuma fulani ng'ambo ya mto, na mwenye shamba anatafuta watu zaidi maana kwelea mwaka huo walikuwa wengi. Malipo ni mpunga wakati wa kuvuna, na chakula kila siku. "Wewe si mwalimu? Sauti unayo. Njoo."

Akanifungia wali uliobaki kwenye jani la mgomba. Nikarudi nyumbani.

Mume wangu alikuwa amelala ameelekea ukutani. Siku hizo alilala hivyo mchana kutwa, mtu aliyezoea kuamka kabla ya jogoo. Nikaufungua ule wali mbele yake, nikamwambia, "Baba Upendo, karibu."

Bila kugeuka akasema, "Kula wewe. Mimi nimeshakula."

Nikamwambia, "Sikukuuliza kama umekula."

Nikaona mabega yake yanatikisika. Tulikuwa tumeoana miaka mingi na sikuwahi kumwona mume wangu akilia, hata alipomzika baba yake. Akakaa. Akasema, "Mama Upendo, mimi sijala." Nikamwambia, "Hata mimi." Huo ndio ukweli wa kwanza tuliosemezana tangu hoteli ifungwe. Tukamwita Upendo, tukala kile kidogo, sisi watatu, mkono kwa mkono, na Baraka mapajani. Na namwambia kila mtu humu ndani, mimi Bwana alinikomboa jioni ile. Shibe ilikuja baadaye.

Tukahama, familia nzima. Watu wa bonde hili mnajua maisha ya shamba, lakini mimi nilikuwa nimeyasahau. Tulipewa dungu letu, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu, unapanda kwa ngazi na kuona mpunga wote. Halina mlango. Dungu halina hata ukuta wa kusema ukuta. Ukila kila mtu anakuona, na usipokula kila mtu anakuona pia. Nilikuwa na kombeo na madebe yaliyofungwa kamba, na nilikuwa na sauti yangu. Ile sauti ya "sit down, kaeni chini, mikono juu ya kichwa" niliipeleka kwa kwelea. Bibi Anyesi kwenye dungu lake alikuwa ananicheka, "Mwalimu, hao hawajui Kiingereza."

Mwenye shamba mkewe anaitwa Mama Shija. Mama huyo alimwona Baraka mara moja tu, hakuuliza kitu. Kila asubuhi alikuwa analeta kibuyu cha maziwa, kwa ajili yangu. "Mtoto ana chakula chake, wewe ndiye ghala," aliniambia, na Kiswahili chake kina Kisukuma kingi, lakini hilo nililielewa vizuri. Mume wangu akajifunza kutega kambale kwenye madimbwi na kunichemshia supu. Mpishi wa watalii, kambale, ndimu na chumvi. Nikala. Kila aliyesema karibu, nilikaribia. Ilikuwa kazi ngumu kuliko ndege, nawaambieni kweli. Mwanzoni nilikuwa nikisikia karibu uso unanichoma.

Maziwa hayakurudi siku moja. Kuna siku nilikata tamaa, nikawaza nimrudishe mtoto mjini akalazwe. Nikamwambia Bibi Anyesi, akasema tumpe Mungu nafasi hadi kesho, na kama kesho bado, atanisindikiza mwenyewe hospitali.

Kesho yake asubuhi kundi la kwelea likaja. Nikasimama dunguni nikapiga kelele, nikatikisa madebe, nikapiga kelele tena. Na katikati ya kelele nikasikia Baraka analia kule chini kwa dada yake. Analia kwa nguvu, kilio cha hasira, kilio ambacho sikukisikia tangu siku zile alizonyamaza. Nikashuka mbio, na nilipofika chini nikaona blauzi yangu imelowa mbele, yote. Nilidhani ni jasho. Nikagusa. Ndugu zangu, yalikuwa maziwa.

Nikakaa pale pale kwenye matope nikamnyonyesha. Kwelea walikula mpunga wa watu asubuhi ile mpaka wakatosheka, na Mama Shija aliona akawaacha wale.

Hapa ndipo Bwana aliponifikisha. Mavuno yalipokuja, wavunaji walikuwa wengi na wa kuwapikia hayupo, mume wangu akavaa ile kofia ndefu, kwa utani tu, akawapikia ubwabwa na kambale. Watu wakaulizana huyu mpishi katoka wapi. Shamba la jirani likamwita. Tuliporudi mjini na magunia yetu tukakuta hoteli bado imefungwa. Tukalitazama lile geti. Tukaling'oa, tukamuuzia mfanyabiashara mmoja wa mjini, na fedha yake ikanunua haya masufuria mnayoyasikia yakigongana huko nyuma. Tangu hapo yeye ndiye anawapikia harusini na misibani. Hoteli ilipofunguliwa walimwita, akafikiri siku nzima, halafu akaniambia, "Nimeshazoea kula na watu ninaowapikia." Hakurudi.

Shule yetu ilifunguliwa, ikaanza na watoto wachache, wazazi wengi nao walikuwa wameanguka kama sisi. Nafundisha tena, na likizo nalima. Yale matete kwenye shamba la baba tumeyafyeka. Friji hatujanunua. Upendo yuko sekondari. Na Baraka, mama aliyekaa karibu na dirisha, tafadhali mshike huyo mtoto anayepanda kiti, ndiye huyo. Huyo ndiye aliyekuwa halii.

Na Bibi Anyesi yule pale. Yeye ni wa Romani, nimemwambia leo ni mavuno akasema mradi kuna chakula atakuja. Bibi, simama watu wakuone. Hataki. Haya.

Ndugu zangu, nimemaliza. Ila nina neno kwa mtu mmoja, simjui ni nani. Umevaa vizuri leo, umepiga pasi. Umetoa sadaka ambayo ungeitumia kesho. Nyumbani kwako kumefungwa kwa ndani, na ukiulizwa hali unasema tunamshukuru Mungu. Sikulazimishi useme hapa mbele. Nilikuwa mahali hapo ulipo, na Mungu niliyempangia mambo yangu hakufungua hoteli, alimtuma bibi mwenye ugoro na sufuria. Mwamini Mungu huyo. Anaita kabla hujaeleza shida yako.

Mchungaji akishatubariki, tunazunguka wote nyuma ya kanisa. Jamvi liko chini, maji ya kunawa yako tayari, na mchele ni wa shamba la baba yangu. Karibuni. Na mtu asije akaniambia ameshakula, maana sitamuuliza.